Mlangilangi wangu hauna harufu, na mafuta niliyonunua yananukia sabuni. Tatizo liko wapi?

#1 MwanaMakorora
Wakuu salaam. Nina mlangilangi nyuma ya nyumba hapa Tanga. Mche nilipewa na jirani, akaniapia kwamba ni ule ule wa Unguja. Mti umepita paa, unachanua sana tu, lakini ua ukilichuma halina harufu ya maana, unasikia majani majani basi. Mke wangu ni wa Pemba, kalelewa na maua haya, anasema huu si mlangilangi, nimepewa kivuli tu.

Kwa ubishi nikaenda mjini nikanunua kichupa cha mafuta ya langilangi, nimwonyeshe harufu ninayoitaka. Kakifungua, akanusa, akaniuliza kama nimeleta sabuni ya kufulia. Kwa hiyo nina mti usionukia na mafuta yasiyofanana na ua lolote. Ni mti, ni udongo au ni pua zetu? Na haya mafuta ni feki?

#2 ChuraWaChumbageni
Mkuu, mke wa Kipemba akishasema si mlangilangi, kinachobaki ni wewe kukubali. Mods fungeni uzi.

#3 BiKilua
Msimcheke. Kaka Makorora, nijibu mawili: unachuma saa ngapi, na ua linakuwa na rangi gani unapolichuma?

#4 MwanaMakorora
Da Kilua, nachuma nikirudi kazini kula, saa saba saa nane hivi mchana. Rangi ni kijani cha ndimu, maua marefu yananing'inia, mazuri kweli.

#5 BiKilua
Basi unachuma watoto, tena kwenye jua la utosi.

Ua la langilangi likifunguka huwa kijani na halinukii kitu. Linakaa mtini wiki mbili hadi tatu, petali zinarefuka, zinajikunja, zinageuka njano pole pole. Chungulia katikati, pale petali zinapoanzia: ukiona doa jekundu la damu ya mzee, limeiva. Hapo ndipo linapochumwa. Na ni alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa sababu harufu yake inapanda usiku. Kwetu Unguja hakuna aliyeambiwa aende mlangilangini adhuhuri. Watoto tulitumwa baada ya sala ya asubuhi, tena ole wako urudi na ya kijani, unarudishwa nayo.

Subiri yawe njano, kisha uje utuambie.

#6 ShambaNiMali
BiKilua kasema kweli kuhusu kuiva, lakini naona mmekimbilia jibu moja. Kuna suala la aina. Hii *Cananga odorata* ina zaidi ya sura moja. Wa kukeneka, yaani kutoa kwa mvuke, mafuta ya thamani ndio uliosambazwa visiwani Komoro na Nosy Be ya Madagaska. Java kuna mwingine ambao mafuta yake huuzwa kwa jina la kananga, ni mazito na bei yake iko chini. Halafu kuna kile kifupi cha bustanini, kichaka tu, maua yana petali nyingi zilizojikunja kama nywele za kipilipili. Na kuna mtambaazi wenye ndoano, *Artabotrys*, nao wauza miche wanauita langilangi bila aibu. Ua lake linanukia tunda lililoiva, lakini si mlangilangi.

Mkuu weka picha ya jani na shina. Nahofia hata huo wako unaweza kuwa mwashoki. Ni ukoo mmoja na mlangilangi, ukoo wa mstafeli na mtopetope, na ukiwa mchanga unamdanganya mtu mzima.

#7 ChuraWaChumbageni
Mwashoki hahahaa. Kapanda uzio wa ofisi ya serikali nyuma ya nyumba anangoja marashi.

#8 MwanaMakorora
Chura una lako. Mwashoki naujua, unasimama wima na majani yamening'inia. Huu matawi yake yanatanuka, yanaangukia pembeni. Mtambaazi pia sio, una shina nene. Picha nitaweka kesho nikipata bando.

#9 MngazidjaMarseille
Assalaam alaykum. Nimezaliwa Ngazidja kule Komoro, niko Marseille, ila familia ya mama ina shamba na mtambo kule Nzwani, kisiwa chetu kingine, kwa hiyo hii ni kazi ya nyumbani kwetu. Naomba niseme kuhusu kichupa, maana mti wameusemea.

Mafuta ya langilangi hayatoki yote kwa pamoja. Unapakia maua kwenye mtungi, mvuke unapita, unapozwa kwenye bomba, mafuta yanaelea juu ya maji. Saa moja mbili za mwanzo hutoka yale yanayoruka upesi, yenye harufu kali tamu, hayo ndiyo Ekstra. Mwenye mtambo ana kipimo cha uzito wa mafuta, akiona uzito unashuka anabadilisha chupa: ya kwanza, ya pili, mwisho ya tatu. Moto haulali. Kukeneka hadi mwisho kunaweza kuchukua saa 18 hadi 24, na hii ya tatu ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote. Kuna pia mafuta yasiyogawanywa, yote ndani ya chupa moja, hayo huitwa kamili.

Sasa nani ananunua nini? Ekstra huenda kwa watengeneza manukato ya bei. Ya tatu huenda kwenye sabuni. Kwa hiyo ndugu Makorora, wewe unasema mafuta yananukia sabuni, mimi nasema ni sabuni iliyonukia langilangi maisha yako yote na hukujua. Kichupa chako huenda ni halali kabisa, ila ni daraja la tatu.

#10 MwanaMakorora
Aisee. Kwa hiyo si feki?

#11 MngazidjaMarseille
Sikusema hivyo. Nimesema huenda. Wauzaji wanachanganya Ekstra na ya tatu, wengine wanatia mafuta ya kula, wengine hawana ua hata moja, ni dawa za maabara. Benzili asetati peke yake ni rahisi kutengeneza, na inakupa ule utamu wa juu juu. Bei uliyolipa inasemaje?

#12 MwanaMakorora
Bei ya soda mbili.

#13 ChuraWaChumbageni
Uzi umejibiwa.

#14 KilindiniBoy
Niko Mombasa. Njia ya kujua ni karatasi nyeupe. Tia tone moja, acha. Mafuta safi ya maua yanaruka yote, karatasi inabaki kavu. Ikibaki doa la grisi, umetiliwa mafuta ya kupikia. Muuza atari mmoja wa Mji wa Kale alinifundisha hiyo.

#15 ShambaNiMali
Ni kweli nusu, KilindiniBoy. Karatasi inakamata mafuta ya kula, haikamati dawa ya maabara, kwa sababu nayo inaruka. Na daraja la tatu limejaa vitu visivyo na haraka ya kuruka. Utaona alama siku nzima, umhukumu muuzaji bure. Angalau acha hadi kesho yake.

#16 KilindiniBoy
Sawa profesa. Muuza atari wetu hana maabara, ana karatasi.

#17 Uturi_wa_Ilala
Mnabishana kuhusu vichupa vya soda mbili wakati ua hili ndilo limetengeneza Chanel namba 5, manukato ya kwanza duniani kwa jina. Ile ni langilangi tupu ya Komoro, mti wa asili ya Komoro, na sisi majirani tunalala.

#18 MngazidjaMarseille
Nakushukuru kwa kutupenda, lakini umevuta kamba upande wetu kupita kiasi. Chanel namba 5 ilitoka 1921, aliyeitunga ni Ernest Beaux, na ndani yake kuna asumini, waridi na mengine mengi, pamoja na zile aldehidi za maabara zilizoipa umaarufu. Langilangi imo, na ya Komoro imetumika, lakini haiko peke yake.

Na mti si wa kwetu kwa asili. Asili yake ni Ufilipino, Indonesia na maeneo yale. Huku ulifika na wakoloni wa Kifaransa, Réunion kwanza, kisha ukastawi zaidi Nosy Be na visiwani kwetu. Nzwani kulikuwa na kampuni ya Bambao iliyoshika ardhi kubwa ya manukato. Wazee wetu walichuma maua kwenye ardhi iliyokuwa ya babu zao. Hilo watu wakiandika sifa za manukato ya Paris hawaliandiki.

#19 Uturi_wa_Ilala
Point yangu ilikuwa tunalala. Hiyo hujaipinga.

#20 PembaMakonyo
Hatulali, tunapiga hesabu. Kwetu Pemba tuna kiwanda cha kukeneka makonyo ya karafuu, kukeneka si jambo geni. Lakini angalia langilangi: kilo 100 za maua zinakupa kama kilo 2 za mafuta, zikikupa hizo. Kila ua limechumwa kwa mkono, alfajiri, na lazima liingie mtungini siku ile ile kwa sababu likilala linachacha. Karafuu ukiichuma unaianika, unaweka guniani, unangoja bei. Langilangi haikungojei. Mkulima anayejua hesabu atachagua karafuu.

#21 MngazidjaMarseille
Ongeza na kuni. Mtambo unaowaka usiku kucha unakula msitu. Milima ya Nzwani imekatwa miti kwa sababu nyingi, lakini langilangi ni mojawapo, na mito iliyokuwa inatiririka mwaka mzima sasa ina msimu. Kuna majiko yaliyoboreshwa yanayopunguza kuni, walio na uwezo wamejenga. Wengine bado wana pipa la chuma lililokuwa la mafuta ya taa. Chuma hicho nacho kinachafua rangi na harufu. Shaba au chuma kisichoshika kutu ndivyo vinavyofaa.

Ndiyo maana wengine siku hizi wanazima moto mapema, wanaachana na ya tatu, kwani kuni za saa za mwisho ni ghali kuliko mafuta yenyewe.

#22 Uturi_wa_Ilala
Mayotte je? Si wanaita kisiwa cha manukato na wao wana pesa za Ulaya?

#23 MngazidjaMarseille
Maore, ndiyo hiyo Mayotte, jina limebaki, mashamba yameisha, yamebaki machache ya kuonyeshea wageni. Mishahara ya Kifaransa na kuchuma ua moja moja haviendi pamoja. Kwa hiyo hoja ya PembaMakonyo ina mantiki, ila si yote: Nzwani hata leo watu wanachuma kwa sababu hawana mbadala, si kwa sababu inalipa. Mchumaji, mara nyingi mama, analipwa kwa kilo, na kilo ya maua ni maua mengi sana.

#24 SharifuWaMtaa
Jamani mmesahau jambo kubwa. Mlangilangi haupandwi karibu na dirisha la chumba cha kulala. Harufu ya usiku inaita viumbe. Makorora shukuru Mungu wako hainukii.

#25 BiKilua
Sharifu, na sisi tunaoyamwaga maua hayo kwenye kitanda cha bi harusi, tunaita viumbe gani?

#26 ChuraWaChumbageni
Kiumbe mmoja tu, na kalipa mahari.

#27 ShambaNiMali
😂😂 Kuhusu harufu ya usiku, wanaoitwa ni mende wadogo. Ndio wanaochavusha. Lakini Sharifu hayuko peke yake: Java nako kenanga wanaitumia kwenye ndoa na kwenye makaburi pia, huchanganywa na maua mengine na kumwagwa. Ua moja linahudhuria harusi na mazishi.

#28 MuscatKwetu
Salaam kutoka Muscat. Nimesoma uzi wote nikitabasamu. Bibi yangu alizaliwa Unguja, na mpaka anahamia huku alikuwa anasema hakuna atari ya dukani iliyomridhisha, alitaka ua. Hapa kuna waridi la Jabal al-Akhdar, linachumwa kwenye mwezi wa nne, nalo ni alfajiri, na maji yake yanakenekwa kwenye tanuri za udongo hadi yanakuwa na harufu ya moshi. Bibi aliyaheshimu, aliyatia kwenye kahawa na halua, lakini kujipaka alisema hapana.

Nina dhana nyingine kwa Makorora. Pua inazoea. Mtu anayeishi chini ya mlangilangi haunusi tena. Mwite mgeni anuse.

#29 MwanaMakorora
MuscatKwetu, mke wangu si mgeni wa ua lakini ni mgeni wa mti, kahamia nyumba hii juzi juzi, na ndiye aliyesema hainukii.

Taarifa: nimefuata ya BiKilua. Nimesubiri yawe njano, nimechuma alfajiri, doa jekundu nimeliona. Harufu IPO. Lakini wakuu, ni hafifu. Nimempa mke, kasema "sasa ni mlangilangi, ila umepooza". Picha hii hapa, jani na shina.

#30 ShambaNiMali
Nimeona. Mti ni wenyewe, namwondolea mashtaka jirani yako. Sasa umri gani? Ukitoka kwenye mbegu unaweza kuchanua mwaka wa pili au wa tatu, na maua ya mwanzo mara nyingi hayana nguvu. Pia hujaukata. Mashambani unakatwa kichwa ukiwa mita mbili hivi, matawi yanavutwa chini yawe kama mwavuli. Ukiuacha unakwenda mita 20 na zaidi.

#31 PembaMakonyo
Kukata ni ili mkono ufike, hakuongezi harufu. Kwetu nyuma ya msikiti kuna mmoja mrefu kuliko mnara, haujawahi kuguswa na panga, na usiku mtaa mzima unajua upo. Mimi nasema ni mvua. Ua lililochumwa baada ya mvua kubwa limeoshwa. Tanga si mmetoka kwenye masika?

#32 BiKilua
Na mbolea. Uliza kama jirani haweki samadi nyingi. Mti ulioshiba unatoa majani.

#33 KilindiniBoy
Asumini yetu nyumbani ilikuwa hivyo, ikimwagiwa maji ya kuoshea samaki inatoa majani tu. Mama akaacha, ikarudi.

#34 MngazidjaMarseille
Hata Nzwani ua la msimu wa mvua na ua la kiangazi hayatoi mafuta sawa, na shamba la bondeni na la mlimani hayafanani. Mjomba wangu anadai ni udongo wa volkano. Jirani yake ana udongo ule ule wa volkano na mafuta yake ni maji. Wanagombana tangu nikiwa mdogo.

#35 ChuraWaChumbageni
Kwa hiyo hadi sasa tuna: saa, rangi, aina, umri, mvua, samadi, volkano, pua na majini. Makorora chagua.

#36 MwanaMakorora
Nimechagua kumwuliza BiKilua namna ya kutia kwenye mafuta ya nywele, maana mama watoto amebadilisha mada.

#37 BiKilua
Hilo jepesi. Maua ya njano, yachambue petali, zitandaze kivulini mpaka zilegee, usiku mmoja wa kutosha. Usiruke hatua hii: petali mbichi zina maji, na maji ndiyo yanayochachisha mafuta. Tia kwenye chupa ya mdomo mpana, jaza mafuta ya nazi, weka pahala penye joto. Baada ya siku chache chuja, tia maua mapya kwenye mafuta yale yale. Rudia mpaka harufu ikuridhishe. Kwa maua yako yaliyopooza utarudia sana. Nazi iwe ya kukamuliwa na kuchemshwa mpaka maji yamekwisha.

Na asijipake mengi mara ya kwanza. Langilangi huwasha ngozi za watu, ajaribu kwanza ndani ya kiwiko. Kile kichupa cha soda mbili kisiguse ngozi kabisa.

#38 ShambaNiMali
Nyongeza ya historia kwa Uturi wa Ilala: Waingereza wa karne ya 19 walipaka nywele mafuta ya aina hii, wakayaita ya Makassar, yalikuwa na langilangi ndani. Wanaume walichafua migongo ya viti mpaka wenye nyumba wakashona vitambaa vya kufunika. Vile vitambaa vya sebuleni kwa bibi zetu vina ukoo mrefu.

#39 Uturi_wa_Ilala
Kumbe vile vya kufuma! Shangazi yangu ana seti nzima na hakuna mtu anayepaka mafuta.

#40 LamuNjema
Nimechelewa. Kwetu langilangi si ua la kwanza, la kwanza ni mkadi. Kikuba, kile kishada cha kunukia cha kina mama, bila mkadi, asumini na rehani si kikuba. Langilangi inakaa kwenye nywele au chini ya mto.

#41 BiKilua
Lamu mna yenu. Kikuba bila kilua hakijafungwa.

#42 LamuNjema
Kilua ni cha msimu, mkadi upo. Bi harusi asubiri msimu?

#43 BiKilua
Asubiri.

#44 ShambaNiMali
Kilua hiki nacho ni ukoo wa mstafeli, na ni wa pwani yetu hasa, Kenya na Tanzania. Wataalamu wa mimea wameupa mti huo jina la *Mkilua fragrans*, wamelichukua kwetu kama lilivyo. Nani ana miche? Nimetafuta bara nimechoka.

#45 PembaMakonyo
Mimi ninayo miwili mitatu. Lakini kwa boti usije kulia, kilua kikiguswa guswa kinanuna. Uje mwenyewe na ndoo yenye udongo wake.

#46 ShambaNiMali
Nakuja baada ya vuli. Nikuletee nini?

#47 PembaMakonyo
Mche wa mlangilangi mfupi wa bustanini. Wa nyuma ya msikiti hakuna anayeweza kuukwea.